Mcheza Kwao Hutunzwa

Wapo watu wadhanio kwamba muziki ni pambo tu la sherehe, kitu cha kutafutwa siku ya mwisho baada ya viti kupangwa na hotuba kuandikwa. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa wale waliokabidhiwa dhamana ya fedha za umma, habari za mji mmoja wa Ujerumani ulioishi kwa kalenda ya muziki, na za mtumishi wake mmoja ambaye sifa zake zimedumu kuliko za madiwani wote waliomwajiri.

Mji huo ni Leipzig, na mtumishi huyo ni Johann Sebastian Bach, aliyezaliwa mwaka 1685. Zama zake, tangu karibu mwaka 1600 hadi 1750, wajuzi wa muziki wa Ulaya huziita zama za Baroki. Mwaka 1723 Halmashauri ya Mji ilimwajiri awe mwalimu katika shule ya Mtakatifu Thomas na msimamizi wa muziki wa makanisa makubwa. Wajibu wake ulikuwa kuhakikisha kwamba kila Jumapili na kila sikukuu ina kantata yake, yaani utungo wa sauti na ala unaolingana na somo la siku hiyo. Hesabu yake ilikuwa kama kantata 60 kwa mwaka. Katika miaka ya mwanzo alitunga mpya karibu kila wiki, sehemu za waimbaji na wapiga ala zikanakiliwa kwa mkono, na Jumapili ilipofika zikasikika. Zilizosalia hadi leo ni kiasi cha 200.

Kalenda hiyo ilikuwa pia na kimya chake. Baada ya Jumapili ya kwanza ya Majilio hadi Krismasi, na kwa sehemu kubwa ya Kwaresima, kantata hazikupigwa makanisani Leipzig. Sisi Visiwani, ambako ngoma na taarabu hunyamaza mwezi wa Ramadhani, hatuhitaji kufafanuliwa maana ya jambo hilo. Kimya ndicho kinachoipa sikukuu sauti yake.

Krismasi ya mwaka 1734 Bach alitoa kazi ya mafungu sita, yaliyoimbwa siku sita mbalimbali, tangu tarehe 25 Desemba hadi tarehe 6 Januari 1735. Fungu la kwanza hufunguliwa na ngoma peke yake, kisha filimbi na zumari, na baadaye tarumbeta. Fungu la pili, lihusulo wachungaji usiku kondeni, halina ngoma wala tarumbeta. Zumari ndizo zilizopewa nafasi. Tena sauti zile za mwanzo hazikuwa mpya. Bach alizitunga Desemba 1733 kwa siku ya kuzaliwa ya Maria Josepha, mke wa mtawala wa Saxony. Siku ya kuzaliwa ya mkuu hupita, bali Krismasi hurudi kila mwaka. Bach akaihamishia kazi yake mahali itakapoishi.

Hata madiwani walikuwa na siku yao. Kila mwaka mwishoni mwa Agosti, halmashauri mpya iliposhika kazi, iliombewa kanisani kwa kantata maalumu. Ile ya tarehe 30 Agosti 1723 ilikuwa na tarumbeta nne na ngoma mbili.

Sasa na tutazame jinsi mji ulivyomlipa mtu huyo. Agosti 1730, mwezi ule ule wa shangwe za halmashauri, alisema diwani mmoja kikaoni kwamba mwalimu huyo hafanyi kitu. Tarehe 23 ya mwezi huo Bach akawaandikia waraka wa hesabu kamili. Kila kikundi cha waimbaji kilihitaji watu 12 kwa uchache, na 16 ingefaa zaidi. Wapiga ala walihitajika 18 au zaidi. Mji uliwalipa 8, na baadhi yao walikuwa wazee. Katika wanafunzi 54, waliofaa kuimba walikuwa 17, ambao bado hawajaiva 20, na wasiofaa kabisa 17. Aliwaomba waangalie jinsi wanamuziki wa Dresden walivyolipwa. Oktoba ya mwaka huo alimlalamikia rafiki yake kwamba wakuu wa mji hawakuujali muziki. Na kwa kuwa sehemu ya pato lake ilitokana na maziko, hewa ikiwa njema Leipzig mfuko wake huumia! Mwaka 1739, alipoambiwa asiimbishe Mateso ya Ijumaa Kuu mpaka apate ruhusa, alijibu kwamba hajali, kwani kwake kazi hiyo ni mzigo usio na faida.

Hatusemi kwamba kila mahali palikuwa hivyo. Katika Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, George Frideric Handel aliitoa kwa mara ya kwanza kazi yake iitwayo Messiah, na fedha zilizopatikana zikagawiwa hospitali mbili na wafungwa wa madeni. Wafungwa 142 wakafunguliwa. Kazi hiyo ya majira ya Pasaka leo huimbwa zaidi wakati wa Krismasi. Muziki ulioandaliwa kwa siku yake waweza hata kujitafutia siku nyingine.

Bach alifariki mwaka 1750. Mjane wake, Anna Magdalena, aliyemsaidia kunakili kazi nyingi, alifariki mwaka 1760 katika mji ule ule akiishi kwa sadaka. Leo mji huo huandaa tamasha kila mwaka kwa jina la Bach, na wageni hufika kutoka nchi za mbali.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Leipzig ilimtunza mchezaji wake alipokwisha kuwa kaburini. Kila mwenye kuandaa sherehe za umma huijua tarehe yake tangu mwaka uliotangulia. Basi hapana udhuru wa kuwaita wapiga ala juzi na kuwalipa kwa makofi. Fungu lao na liandikwe katika makisio mapema, pamoja na la viti na la mahema, na walipwe kabla hewa njema haijawatia njaa.