Kabla ya Kushusha Giaboksi, Tazama Rejeta

Asubuhi gari linaondoka vizuri na gia zinaingia bila kishindo. Jioni, baada ya nusu saa ya foleni na jua, mambo yanageuka: injini inanguruma lakini gari halivuti, gia zinachelewa kuingia, na likizimwa likapoa linarudi kama halikuwa na ugonjwa. Wenye Ford Mustang za 1965 na 1966 zenye giaboksi otomatiki ya C4 wengi wameyaona haya. Hukumu hutolewa haraka: giaboksi imekufa, ishushwe. Ni hukumu ya mapema. Ugonjwa unaokuja na joto na kuondoka na baridi utafutwe kwanza kwenye njia ya kupoza oili.

Joto lenyewe linatoka wapi? Kati ya injini na giaboksi ya otomatiki hakuna klachi ya kukanyaga. Kuna konveta, chombo cha chuma cha mviringo kilichojaa oili. Weka feni mbili zitazamane, kisha uwashe moja tu: upepo wake utaizungusha ile ya pili. Konveta hufanya kazi hiyo hiyo kwa oili badala ya upepo. Feni inayosukumwa haifikii kasi ya ile inayosukuma, na tofauti hiyo inageuka kuwa joto. Barabara ikiwa wazi tofauti ni ndogo. Kwenye foleni au kupanda mlima, inakuwa kubwa. Ukikanyaga breki na mafuta kwa pamoja huku gia iko D, nguvu yote ya injini inaishia kuchemsha oili. Magari mengi ya otomatiki yaliyofuata yaliwekewa klachi ndani ya konveta, ili pande mbili zifungwe na kuzunguka pamoja. C4 haina.

Ndiyo maana oili husukumwa hadi mbele ya gari kwa mabomba mawili membamba ya chuma. Kipozeo cha Mustang hizo kimejificha ndani ya tangi la chini la rejeta, kimezungukwa na maji. Oili inaliacha joto lake kwenye maji, kisha inarudi. Kwa hiyo injini ikichemsha, giaboksi nayo inachemka. Rejeta iliyojaa uchafu au mkanda wa feni uliolegea ni tatizo la giaboksi pia.

Mafundi wa Marekani wana kipimo chao cha siku nyingi: oili ikikaa karibu na nyuzi 80 za Selsiasi hudumu, lakini kila zinapoongezeka nyuzi 11, umri wake hupungua kwa nusu. Ikifika nyuzi 113 umri umebaki moja ya nane.

Uchunguzi unaanza na kijiti cha oili na kitambaa cheupe. Oili nzima ni nyekundu na inapitisha mwanga. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, joto limeshafanya kazi yake. Ikiwa ya waridi na imejaa ukungu kama maziwa, kipozeo kimetoboka na maji ya rejeta yameingia. Hapo gari lisiendeshwe hata hatua moja, kwa sababu kulanti, yaani maji hayo ya rejeta, huiachanisha gundi inayoshika ngozi za klachi za ndani. Kiwango cha oili ya Mustang hupimwa injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta, oili ikiwa ya moto, gia ikiwa P. Magari ya Chrysler yenye giaboksi ya zamani ya TorqueFlite yana desturi tofauti: hupimwa gia ikiwa N, kwa kuwa kwenye P pampu haipeleki oili kwenye konveta wala kwenye kipozeo. Anayeliacha la namna hiyo kwenye P akidhani analipoza, hapozi kitu.

Kisha yapimwe joto mabomba mawili, gari likiwa limetoka kuendeshwa. Linalokwenda kwenye rejeta linapaswa kuwa la moto zaidi kuliko linalorudi. Yakilingana, kipozeo hakipunguzi joto. La kurudi likiwa baridi kabisa, oili haipiti.

Jaribio la mwisho ndilo linalokata mzizi wa fitina. Bomba la kurudi linafunguliwa na kuelekezwa kwenye chombo chenye alama za lita, injini inawashwa kwa nusu dakika, kisha inazimwa. Karibu lita 1 inapaswa kutoka, kwa mkondo usiokatika. Ikitoka kwa matone, kuna kizuizi: bomba lililopondwa na jeki, mpira wa bei rahisi uliovimba ndani, au kipozeo kilichozibwa na unga wa klachi. Badala ya oili iliyotoka, ijazwe oili mpya kwa kipimo kile kile.

Aina ya oili nayo ina kisa chake. Dexron za kwanza, oili za giaboksi otomatiki za General Motors, zilitiwa mafuta ya nyangumi ili klachi zishike kwa ulaini. Sheria ya Marekani ya 1973 ya kulinda viumbe walio hatarini ilifunga mlango huo, na mchanganyiko uliofuata ukaanza kula viungo vilivyolehemiwa ndani ya vipozeo. Ikabidi utengenezwe upya.

Ikiwa vipimo vyote vilivyotajwa vimeonyesha kwamba giaboksi lazima ishushwe kweli, mwenye gari amwombe fundi abadilishe kipozeo, au akisafishe pamoja na mabomba yake, kabla ya kuirudisha. Unga wa chuma uliobaki humo husafiri na oili mpya na kuingia kwenye giaboksi iliyotengenezwa siku ya kwanza tu injini inapowashwa.