Huna mke wala mtoto, hela unapeleka wapi?

Swali hilo huulizwa kwenye vikao vya harusi, misibani, na ofisini kila tarehe 20 inapofika na mtu akaomba kuazimwa elfu kumi ya nauli. Anayeuliza kwa kawaida ana familia, na hana ubaya wowote moyoni. Hesabu yake ni nyepesi: yeye analisha watu watano kwa mshahara unaolingana na wako, kwa hiyo wewe unayejilisha peke yako lazima kuna mahali unazificha. Kama huzifichi, basi unazinywa.

Tuzifuate hizo hela tuone zinakokwenda. Tumchukue kijana aliyeajiriwa na kampuni binafsi Dar es Salaam, aliyesoma chuo kikuu kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, mwenye mshahara wa 800,000 kwa mwezi. Kabla hajauona, asilimia 10 imeshakwenda NSSF, yaani 80,000. Kodi ya mapato inapigwa kwenye 720,000 zinazobaki, nayo inafika 60,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 120,000 nyingine. Kinachoingia benki ni 540,000. Mwenzake wa meza ya pili, mwenye mke na watoto watatu, mwenye mshahara na mkopo kama wake, amekatwa vilevile. Kodi yetu ya mapato haiulizi mtu ana wategemezi wangapi. Mpaka hapo wako sawa, na ndiyo maana lile swali lina mashiko.

Tofauti inaanzia mlangoni. Chumba na sebule cha 120,000 kwa mwezi ni 120,000 wakilala wawili, na ni 120,000 akilala mmoja. Friji haili yuniti chache za LUKU kwa sababu ndani yake kuna kipande kimoja cha samaki. Mzoa taka, ulinzi shirikishi, king'amuzi, mtungi wa gesi: vyote vinahesabu milango, havihesabu vichwa. Wanandoa wenye mishahara miwili wanagawana hayo yote nusu kwa nusu, hata kama hawajawahi kukaa chini wakapiga hesabu. Kapera hana wa kugawana naye.

Jikoni ndiko hasara inakojificha zaidi. Mtu mmoja hununua kwa kupima: mafuta ya mia tano, sukari robo, nyanya za fungu, vitunguu viwili. Kila kipimo kidogo kina faida ya muuzaji juu yake, kwa hiyo kwa mwezi mzima analipa bei ya juu kuliko aliyebeba dumu la lita tano. Lakini naye akinunua debe la unga, mdudu anaingia kabla hajafika nusu. Akipika maharage ya siku tatu, umeme unakatika siku ya pili. Akichoka, anakula kwa mama ntilie, na si uvivu: kwa mtu mmoja sahani ya 3,000 mara nyingi ni nafuu kuliko kuwasha jiko. Wanaowashauri makapera wapike kila siku wanafikiria sufuria ya familia.

Turudi kwenye 540,000. Toa kodi ya nyumba, zinabaki 420,000. Desemba 2023 LATRA ilipandisha nauli ya safari fupi ya daladala kutoka 500 hadi 600. Anayepanda magari mawili kwenda na mawili kurudi anamaliza 2,400 kwa siku, 52,800 kwa siku 22 za kazi. Chakula cha mchana siku hizo hizo, 66,000. Mama kijijini, 50,000, na makato ya kutuma hatuyahesabu. LUKU, maji, gesi, taka na bando la simu tuyape 70,000. Chai ya asubuhi na chakula cha usiku tuseme 4,000 kwa siku, 120,000. Zimebaki 61,200. Hajanyoa, hajafua, hajaumwa, hajanunua soksi. Akiwa mwanamke, ongeza saluni, na ongeza bodaboda ya kutoka kituoni usiku kwa sababu ule uchochoro haupitiki saa tatu.

Sasa inakuja kadi ya mchango. Elfu hamsini, singo. Kwa dada zetu kadi haiji peke yake: kuna kicheni pati, kuna sendofu, kuna kitambaa cha sare na fundi wa kukishona, na sare ya harusi hii haivaliki kwenye harusi ile.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha mambo, na si kwenye bei ya nyanya. Mwenye ndoa akiombwa mchango ana jibu ambalo hakuna anayelipinga: “Ngoja niongee na mwenzangu.” Siku mbili baadaye anarudi na elfu ishirini, na lawama zote anamtupia mtu ambaye hayupo. Shemeji mbahili anaokoa ndoa nyingi na bajeti nyingi zaidi. Kapera hana wa kumsingizia. Akisema hana, yeye ndiye aliyekataa. Na kwa kuwa kila mtu anaamini anazo, kukataa kwake kunahesabiwa kuwa roho mbaya. Kwa hiyo anakubali. Anakubali mchango, anakubali viatu vya shule vya mtoto wa dada yake, anakubali kumwazima rafiki ambaye naye ni kapera mwenzake. Halafu usiku, peke yake, anafungua simu.

Simu imekuwa ndiyo mwenza wa kifedha wa watu wasio na mwenza. Kwa sisi wa Afrika Mashariki njia hiyo ilifunguliwa Kenya mwaka 2012, M-Shwari ilipoanza kukopesha kwenye simu kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Mwaka 2014 Tanzania tukapata M-Pawa. Baadaye ikaja mikopo ya kujaziliza muamala, Fuliza kwa Wakenya na Songesha kwetu: unalipia kitu, salio halitoshi, mtandao unamalizia. Ni huduma halali na imewaokoa watu wengi saa nane za usiku wakiwa dirisha la dawa hospitalini. Lakini angalia hesabu. Anayekopa 100,000 kwa asilimia 7.5, na kila mwezi akawa analipa na kukopa upya kwa sababu mfuko umetoboka palepale, kwa mwaka amelipa 90,000 za ada na bado anadaiwa ile 100,000. Na mkopo wa kujaziliza una tabia yake: hela yoyote ikiingia kwenye laini, inakatwa kwanza. Anayekurudishia deni lako analilipa deni la mtandao, na wewe unabaki kusoma ujumbe.

Hata hivyo, hiyo bado ni mikopo midogo. Deni linalomuumiza kapera kweli kweli mara nyingi lina chanzo kimoja, nacho ni kodi ya miezi sita. Mshahara unakuja kwa mwezi, mwenye nyumba anadai kwa nusu mwaka. Nyumba ya 120,000 inataka 720,000 mkononi. Kama unahamia, dalali naye anachukua ya mwezi mmoja, jumla 840,000. Kijana wetu anapokea 540,000. Hata asipokula chochote mwezi mzima, hazitoshi. Anakwenda kukopa.

Akienda kwa kausha damu wa mtaani, asilimia 20 kwa mwezi si jambo la kushangaza. Kwa deni la 840,000 hiyo ni riba ya 168,000 kila mwezi, na yeye baada ya matumizi ya lazima alibakiwa na 61,200. Deni hilo halilipiki tangu siku ya kwanza. Kinachobaki ni kujua tu litamvunjia wapi. Kwa mkopeshaji mwenye leseni, ukomo wa Benki Kuu kwa taasisi ndogo zisizopokea amana umekuwa asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani 29,400. Inauma, inamaliza karibu nusu ya baki yake, lakini inabebeka. Tofauti ya wakopeshaji hao wawili ni karatasi ya leseni inayotolewa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na yeyote anaweza kuomba kuiona kabla ya kusaini.

Wengi hawaombi, maana wanaona haya. Mkopo wa haraka unauzwa kwa mtu asiyetaka kuulizwa maswali, na programu za simu zilijua hilo kuliko sisi. Ziliomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, na siku ya kuchelewa zikawatumia ujumbe bosi, mchumba na mchungaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Orodha ilisaidia, ila jina jipya la programu halichukui muda kubuniwa. Kipimo changu ni kifupi kuliko orodha: anayetaka kuona namba za watu wako kabla ya kuona hati ya mshahara wako, hakukopeshi wewe, anaikopesha aibu yako.

Mtumishi wa umma ana kinga moja ambayo huwa tunailaumu: mshahara wake haukatwi mpaka ukabaki chini ya theluthi moja. Wengi huiona ni kikwazo cha mkopo mkubwa. Lakini kanuni hiyo inaona makato yanayopita kwenye hati ya mshahara tu. Haimwoni mwalimu aliyemwachia mkopeshaji kadi ya benki pamoja na namba ya siri, wala haimwoni kijana mwenye mikopo minne kwenye laini mbili.

Kwa aliyekwisha kuingia humo, ushauri wa kulipa kidogo kidogo kila mahali siuamini. Madeni hayafanani. Linaloongezeka kila siku lilipwe kwanza, hata kama ni dogo na mdai wake ana lugha laini. La Bodi ya Mikopo halihitaji ujasiri, linakatwa lenyewe, na tangu Julai 2021 halibebi tena ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliyokuwa ikilifanya lisipungue. La rafiki lina masikio. Mwambie tarehe ya kweli na atasubiri, mdanganye mara mbili na umepoteza deni na rafiki. La mangi ninalilipa mapema kuliko vitabu vya fedha vinavyoshauri. Mangi hatozi riba, sawa, ila daftari lake ndilo chakula cha tarehe 25, na mtu mmoja asiye na wa kumwambia “nenda wewe leo” hawezi kumudu kuzunguka duka kwa njia ya nyuma.

Na aliye nje bado, au aliyetoka juzi? Wengine watamwelekeza kwenye kibubu, wengine kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, na nauona mfuko huo una faida isiyotangazwa: kuitoa hela kunachukua siku za kazi kadhaa, muda wa kutosha wa hamu kupoa. Lakini kwa ile kodi ya miezi sita sijaona kitu kinachoshinda mchezo. Watu sita wanaofahamiana, kila mmoja anatoa 120,000 mwishoni mwa mwezi, kila mwezi mmoja anapokea. Zamu yako ni 720,000, kodi kamili ya nusu mwaka, bila riba, bila fomu, na bila mtu wa kusoma majina kwenye simu yako. Kinachotakiwa ni zamu ikae mwezi wa mkataba wako, na pawe na mweka hazina asiyemwonea mtu haya. Wapo waliopokea mwezi wa pili na wasionekane wa tatu, kwa hiyo mgeni asipewe namba za mwanzo, awe na sura nzuri kiasi gani.

Mchezo unafanya na kazi nyingine ambayo kibubu hakiwezi. Unampa kapera yule mwenzake aliyekosekana. “Nina mchezo wa watu” ni jibu ambalo kamati ya harusi inalielewa na kulikubali, kwa sababu waliomo ndani ya kamati nao wanacheza. Mtu anaweza kuwanyima ndugu kwa ajili ya akiba yake akaitwa mchoyo; akiwanyima kwa ajili ya hela ya watu, anaitwa mwaminifu. Ni hela ile ile.

Ugomvi mkubwa wa michezo yote huwa ni Januari. Wenye watoto wanaitaka kwa ajili ya sare, madaftari na ada, na huanza kuiwekea mkono tangu Julai. Kama mkataba wako wa nyumba unaisha mwanzo wa mwaka, omba namba hiyo siku mchezo unapoanzishwa, na ujiandae kwa swali: wewe usiye na mtoto wa shule, Januari unaitakia nini? Waoneshe mkataba.