Kukimbia, Kutoroka na Kuponyoka: Kisa cha John Surratt

Katika kusahihisha insha za wanafunzi wetu, tumeona kuwa wengi hutumia kitenzi kimoja tu, kukimbia, kwa kila mtu asiyetaka kukamatwa. Katika makala hii tunakusudia kuonesha tofauti ya vitenzi vitatu kwa kutumia kisa cha kweli, yaani safari ya John Surratt, Mmarekani aliyetuhumiwa kula njama ya kumuua Rais Abraham Lincoln.

Lincoln alipigwa risasi na mwigizaji John Wilkes Booth mjini Washington usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, akafariki kesho yake asubuhi. Surratt, aliyekuwa na umri wa miaka 21, alikuwa ameshirikiana na Booth katika mpango wa awali wa kumteka nyara Rais, mpango ulioshindikana mwezi Machi. Yeye alidai kwamba siku ya mauaji alikuwa Elmira, katika jimbo la New York, mbali na Washington. Hata hivyo, serikali ilitangaza zawadi ya dola 25,000 kwa atakayewezesha kukamatwa kwake.

Kwanza, Surratt alikimbia. Kukimbia, kwa maana tunayoizungumzia, ni kuiacha hatari nyuma, kama watu wanavyokimbia vita. Alivuka mpaka akaingia Kanada, ambako padri mmoja wa Kikatoliki alimficha kijijini. Wakati huohuo mama yake, Mary Surratt, ambaye wala njama walikuwa wakikutana katika nyumba yake ya wapangaji, alishitakiwa mbele ya tume ya kijeshi. Alinyongwa tarehe 7 Julai 1865 pamoja na wanaume watatu. Mwanawe alibaki mafichoni.

Pili, alitoroka. Kiini cha kutoroka ni siri: mwanafunzi hutoroka shule mwalimu asijue. Mwezi Septemba 1865 Surratt alipanda meli kwenda Uingereza, nywele zake zikiwa zimetiwa rangi na jina lake likiwa limebadilishwa. Lakini siri ilimshinda, akamsimulia daktari wa meli habari zake. Daktari huyo alimwarifu mwakilishi wa Marekani mjini Liverpool, ila hakuna aliyemkamata. Baadaye Surratt alifika Roma, akajiandikisha katika jeshi la Papa kwa jina la Watson. Huko nako askari mwenzake, aliyewahi kumfahamu Marekani, alimtambua na kutoa taarifa.

Tatu, aliponyoka. Anayeponyoka ni yule aliyekwisha kushikwa, kama samaki anavyoponyoka mkononi mwa mvuvi. Surratt alikamatwa Veroli, nchini Italia, tarehe 7 Novemba 1866. Asubuhi iliyofuata, akiwa chini ya ulinzi wa askari, aliomba kwenda msalani, akaruka ukuta uliokuwa ukingoni mwa genge, akaangukia mwamba uliochomoza chini yake na kwenda zake. Alifika Naples, nje ya mamlaka ya Papa, akapanda meli iliyopitia Malta hadi Alexandria, nchini Misri. Mwezi huohuo alikamatwa huko karantini miongoni mwa abiria wa daraja la tatu. Jina alikuwa amelibadili, lakini mwilini alikuwa bado na sare ya askari wa Papa, na hiyo ndiyo iliyomtambulisha.

Je, safari hiyo ya miezi 19 ilikuwa ya bure? Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Mama yake alihukumiwa na maofisa wa jeshi, na kanuni za tume yao ziliruhusu hukumu ya kifo kwa kura za theluthi mbili. Surratt alifikishwa mbele ya mahakama ya kiraia mwaka 1867, ambako jopo la raia 12 lilitakiwa kukubaliana wote. Hawakukubaliana. Mwaka 1868 aliachiwa huru, akaishi hadi mwaka 1916. Angekamatwa Aprili 1865, bila shaka angesimama mbele ya tume ileile iliyomhukumu mama yake. Kwa hiyo kutoroka kulishindikana, bali kuchelewa kulimwokoa.

Walimu watakaotumia kisa hiki darasani watarajie mwanafunzi atakayekifunga kwa methali, "Siku za mwizi ni arobaini." Ni vema aulizwe: mwizi ni nani hapa? Methali humchukulia mtu kuwa amekwisha kuthibitika, ilhali Surratt hakutiwa hatiani na mahakama yoyote. Alikimbia, akatoroka, akaponyoka. Vitenzi hivyo vitatu vinaeleza alivyokwenda, wala havithibitishi kwamba aliua. Kwa sababu hiyo, katika insha zao wanafunzi wamwite mtuhumiwa, wasimwite muuaji.