Faraja Wakati wa Msiba

Leo twataka kunena habari za faraja. Neno hili hutajwa mara nyingi kanisani na matangani, na kila mtu hudhani kwamba analijua. Lakini siku msiba unapoingia nyumbani mwa jirani, aghalabu twasimama mlangoni tusijue la kusema. Ama twasema mengi, tukamwacha mwenye huzuni na mzigo mkubwa kuliko ule tuliomkuta nao. Basi na tulitazame jambo hili pole pole, na kwa mfano tuchukue msiba uliotokea katika nchi ya Hanang, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu, na sasa ni wilaya peke yake katika mkoa wa Manyara.

Mlima Hanang ni mmoja wa milima mirefu ya Tanzania. Kimo chake chapita mita 3,400. Ulifanyika zamani sana kwa moto wa chini ya ardhi, walakini moto huo ulizimika. Wabarbaig, ambao ni wafugaji, wameuheshimu tangu kale. Na Wairaqw, ambao wengi wamezoea kuwaita Wambulu, hulima na kufuga katika nchi iliyo jirani. Chini ya mlima, upande wa kusini, ndipo ulipo mji wa Katesh. Kwa watu wakaao hapo mlima ni chanzo cha maji na cha udongo mzuri. Hapana aliyeudhania kuwa adui.

Siku ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri, baada ya mvua kubwa kunyesha, upande mmoja wa mlima ulimomonyoka. Tope zito, lenye mawe makubwa na magogo ya miti, lilishuka kwa kufuata makorongo na njia za mito, likapita katikati ya makazi ya watu. Katesh, Jorodom, Gendabi na mahali pengine palipatwa. Watu 89 walikufa, na wengine wengi walijeruhiwa. Nyumba, maduka, mifugo na mashamba vilifunikwa, na waliookoka wakalazwa katika majengo ya shule. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwa mkutano wa mataifa juu ya hali ya hewa, alikatiza safari yake akarudi, na tarehe 7 Desemba akafika Katesh kuwapa pole wafiwa.

Katika kalenda ya Kanisa siku ile ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, yaani siku ambayo Wakristo huanza kungojea Noeli kwa matumaini. Watu waliokuwa waende kuimba nyimbo za kungojea furaha walikwenda kuwatafuta ndugu zao matopeni kwa majembe na kwa mikono mitupu.

Sasa, mtoto wa shule akimwuliza mwalimu wake, "Mwalimu, kwa nini Mungu aliacha haya yatokee?" mwalimu amjibuje? Sisi walimu hatuna budi kulifikiri swali hili kabla ya kuulizwa, maana jibu la haraka laweza kumdhuru mtoto maisha yake yote.

Kwanza yatupasa kutenga maswali mawili. Swali la kwanza ni hili: mlima ulianguka kwa sababu gani? Swali hili lina jibu, na wenye elimu ya miamba walilitoa. Baadhi ya watu walihofu ya kuwa moto wa zamani umeamka, lakini haikuwa hivyo. Mwisho wa mwaka ule mvua zilikuwa nyingi mno katika Afrika ya Mashariki. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikalemewa, ikashindwa kujishika, ikawa tope. Na tope likishaanza kushuka mahali penye mteremko mkali hukusanya kila kitu njiani, likazidi uzito na nguvu. Mkristo haogopi kujifunza mambo haya. Akili ni kipawa cha Mungu, na kuitumia si kupungukiwa na imani.

Swali la pili ni gumu zaidi: kwa nini wao? Kwa nini nyumba hii ikachukuliwa, na ile iliyo hatua chache tu ikabaki? Hapa ndipo watu hupotea. Wako wasemao, "Hapana shaka walikuwa na dhambi." Wengine hutafuta mtu wa kumlaumu, ati kafanya uchawi, au kavunja mwiko. Neno la namna hiyo ni baya kuliko ukimya, kwa kuwa humwondolea mfiwa hata heshima ya wafu wake.

Wala si Hanang peke yake watu walikouliza hivyo. Tarehe 1 Novemba 1755, katika mji wa Lisbon, nchi ya Ureno, ardhi ilitetemeka asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, na wengi waliangukiwa na majengo wakiwa makanisani. Kwa miaka mingi wenye hekima wa Ulaya walibishana kama ile ilikuwa adhabu. Na mbele ya hayo, katika Injili ya Luka, twasoma habari za mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu kumi na wanane. Yesu mwenyewe alilitaja jambo hilo, akakana waziwazi kwamba wale waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wenzao wa Yerusalemu. Aliwageuzia wasikilizaji wake neno, ili kila mtu ajitazame mwenyewe badala ya kuwahukumu wafu. Kwa hiyo mtu asemaye ya kwamba watu wa Katesh walipatwa kwa sababu ya dhambi zao hana mafundisho hayo kwa Kristo.

Kitabu cha Ayubu chatufundisha jambo hilo hilo. Ayubu alifiwa na watoto wake kumi kwa siku moja, nyumba ilipoangushwa na upepo. Rafiki zake watatu walikuja, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walifanya vema sana. Walianza kukosa siku walipofumbua vinywa kumweleza kwamba bila shaka alikosa mahali. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia hao waliojidai kumtetea, naye Ayubu, aliyelia na kuuliza, anakubaliwa. Na zaidi ya hayo, Ayubu hakupewa maelezo ya msiba wake hata mara moja. Alichopewa ni kujua kwamba Mungu yupo na amemsikia. Basi tukimwambia mtoto, "Mwanangu, sababu ya kwamba ni wao wala si sisi hatuijui," hatukumdanganya, wala hatukuiharibu imani yake.

Ikiwa faraja si maelezo, ni nini basi? Twaona mambo matatu.

La kwanza ni ruhusa ya kulia. Katika jamii zetu mwanamume huambiwa ajikaze, na Mkristo naye huambiwa kwamba machozi ni dalili ya imani haba. Si kweli. Zaburi nyingi ni vilio na manung'uniko yaliyopelekwa kwa Mungu bila kufichwa. Yesu alilia penye kaburi la Lazaro, ingawa alijua kwamba baada ya kitambo atamfufua. Ikiwa yeye alilia, nani atamkataza mama wa Gendabi asimlilie mtoto wake? Amliliaye Mungu hakumwacha Mungu. Mtu hamlalamikii asiyeamini kuwa yupo.

La pili ni kutoachwa peke yako. Wazee wa Kiiraqw walikuwa na desturi iliyohusu hali waliyoiita metimani, yaani uchafu uletwao na mauti na mambo mengine mazito. Nyumba iliyofiwa iliweza kutengwa kwa muda, majirani wasile wala wasinywe pamoja nayo, ili uchafu ule usienee. Tusiwadharau wazee wetu. Nia yao ilikuwa kuwalinda watu wote. Lakini twaweza kuelewa uzito wa mama aliyefiwa na mtoto, kisha akakaa miezi bila jirani kuvuka kizingiti chake. Hapo ndipo mafundisho ya Kikristo, yaliyofika Mbulu mwanzoni mwa karne ya ishirini, yalipoleta njia nyingine: mfiwa huendewa, huliwa naye chakula, hushikwa mkono. Mauti haimtii mtu unajisi, maana Kristo mwenyewe amepita humo.

Na jambo hili halikuwa geni kabisa kwa wenyeji. Wairaqw wana sala yao ya kale iitwayo slufay, ambayo mzee huinena kwa maneno ya kupendeza akiomba baraka, na watu waliohudhuria huitikia pamoja. Walijua tangu zamani kwamba sala ya mtu mmoja huwa na nguvu ikiitikiwa na wengi. Ndivyo ilivyo faraja. Mfiwa akishindwa kusali, wenzake husali kwa ajili yake, naye huitikia tu. Hata akishindwa kuitikia, ameketi katikati yao.

Katika msiba wa Hanang watu wa dini zote na wa makabila yote walileta chakula, nguo, magodoro na pesa; askari na raia walichimba pamoja. Hapana aliyeulizwa kwanza kama ni Mkatoliki, Mlutheri, Mwislamu au mtu wa dini ya jadi. Mkristo auonaye wema huo na amshukuru Mungu, asidai kwamba ni wa kanisa lake peke yake.

La tatu ni tumaini lenye kazi. Nabii Yeremia, wakati Yerusalemu ulipozungukwa na majeshi ya adui, naye mwenyewe amefungwa, alinunua shamba. Alipima fedha, akaandika hati mbele ya mashahidi, akaiweka katika chombo cha udongo ili idumu. Watu walimwona kama mjinga. Nani hununua shamba katika nchi inayotekwa? Lakini lile lilikuwa hubiri lake kubwa: kwamba siku zitakuja watu watakapojenga na kulima tena. Tumaini la Kikristo ni la namna hiyo. Mwenye tumaini hutia jembe ardhini.

Twaona mifano karibu nasi. Katika nchi ya Mbulu, mahali paitwapo Haydom, Walutheri kutoka Norwei walifungua hospitali mwaka 1955, mahali palipokuwa mbali na kila msaada. Na hata leo wagonjwa wa nchi ile hutibiwa hapo. Huko Hanang nako, watu waliopoteza makazi yao walijengewa nyumba mpya zaidi ya 100 mahali paitwapo Waret, mbali na njia ya tope. Nyumba haimrudishi aliyekufa. Lakini mjane afunguapo mlango wake mwenyewe asubuhi amepewa neno la faraja ambalo mdomo haukuweza kulisema. Kadhalika yeye apandaye miti katika miteremko, na yeye akataaye kujenga korongoni hata kama kiwanja ni rahisi, wanafanya kazi ya tumaini. Maana kumpenda jirani ni pamoja na kumlinda na msiba ujao.

Juu ya hayo yote, Mkristo ana neno moja ambalo dunia haiwezi kulitoa, nalo ni ufufuo. Huamini kwamba wale waliofunikwa alfajiri ile hawakupotea mbele za Mungu, na kwamba kaburi si mwisho wa habari zao. Lakini neno hili ni kama mbegu. Halifai kutupwa juu ya udongo ambao bado wavuja machozi. Mwenye hekima huketi kwanza, hulia kwanza, hupika uji na kuchota maji, na mfiwa mwenyewe akiuliza, ndipo humwambia kwa upole.

Basi, ndugu wasomaji, tukienda kwa mfiwa na tukumbuke haya. Tusiende kueleza sababu. Tusiseme "usilie". Tumtaje marehemu kwa jina lake, maana mfiwa hupenda kulisikia. Tutende kazi moja iliyo wazi: kuni, maji, ng'ombe wa kuchungwa, ada ya shule ya mtoto. Na tusikome baada ya maziko. Wageni wakiisha kuondoka, na chakula cha msaada kikiisha kwisha, ndipo usiku huwa mrefu. Arejeaye mwezi wa tatu, na mwaka wa pili, huyo ndiye mfariji.

Kila mwaka Majilio yarudi, na watu wa Katesh huikumbuka Jumapili ile. Mlima ungali pale pale, na watoto waliookolewa matopeni wanakua. Wakitazama juu wakauliza, na wakute kando yao mtu aliyeketi.