Kwa nini chipsi zinakuwa nyeusi?

Vijana, mteja wa chipsi akikurudishia gunia la viazi, usikimbilie kulaumu mafuta yake. Kwenye kiazi kuna kabohaidreti kubwa tatu: sukari, kama glukosi, wanga, yaani glukosi nyingi zilizoungana mnyororo, ndiyo akiba ya kiazi, na selulosi, glukosi zilezile ila zimeungana kwa namna nyingine, zikajenga kuta za seli.

Viazi vikikaa kwenye baridi ya nyuzi 4, wanga unakatika kuwa sukari. Ukikaanga, sukari hiyo ndiyo inafanya chipsi ziwe nyeusi na chungu.

Kwa hiyo vuna vilivyokomaa, hifadhi gizani penye hewa, nyuzi 8 hadi 10. Na kabla hujapakia, kaanga vichache ujionee mwenyewe.