Mbalanga usoni: Kompyuta yapima kilichoshinda jicho la daktari

MFANYABIASHARA aliyewahi kununua viazi kwa lumbesa anajua hasara ya kupima kwa macho. Gunia ni moja, lakini kilo zinazoingia humo hutegemea aliyefungasha. Kwa miaka mingi wagonjwa wa mbalanga, ugonjwa unaoacha mabaka meupe kwenye ngozi, wamepimwa kwa mtindo huohuo. Sasa mizani inatengenezwa, nayo ni picha ya uso inayosomwa na kompyuta.

Mbalanga, ambao wataalamu huuita vitiligo, hutokea pale kinga ya mwili inapozishambulia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Inakadiriwa kuwa kati ya asilimia 0.5 na 2 ya watu duniani wanao. Hauambukizi, wala si ukoma. Hata hivyo, anayekaa nyuma ya meza ya vitenge huku mabaka yakimzunguka macho na mdomo anajua jinsi baadhi ya wateja wanavyosita kupokea chenji mkononi mwake.

Matibabu yapo, ila yanataka muda. Tiba ya mionzi ya urujuanimno hufanywa mara mbili au tatu kwa wiki kwa miezi kadhaa, na kila safari ya kliniki ni siku ya soko iliyopotea na nauli juu yake. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha krimu ya ruksolitinibu. Katika majaribio mawili yaliyohusisha watu 674, baada ya wiki 24, takriban asilimia 30 ya waliopakwa dawa hiyo walipata nafuu ya robo tatu au zaidi usoni. Kwa waliopakwa krimu isiyo na dawa, waliofikia nafuu hiyo walikuwa kati ya asilimia 7 na 11 tu.

Lakini robo tatu hiyo hupimwaje? Kipimo kinachotumika sana kilichapishwa mwaka 2004 na madaktari nchini Kanada. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake huhesabiwa kuwa asilimia 1 ya ngozi yote. Daktari hukadiria baka lina ukubwa wa viganja vingapi, kisha huzidisha na kiasi cha rangi iliyopotea, kinachosomwa kwa ngazi za asilimia 10, 25, 50, 75, 90 na 100.

Hapo ndipo lumbesa inapoingia. Baka lililopoteza rangi kwa asilimia 60 huandikwa 50, kwa kuwa ndiyo ngazi iliyo karibu. Likipona hadi 40, bado litaandikwa 50. Mgonjwa amepiga hatua, daftari linasema hakuna kitu. Tena madaktari wawili wanaweza kutoa namba mbili kwa uso mmoja, jambo linalomuumiza zaidi msafiri anayeanzia kliniki Kampala na kuendelea Kigali.

Kompyuta hufanya kazi kwa njia nyingine. Programu hutambua mipaka ya uso, ikaondoa macho, nywele na matundu ya pua, kisha hulinganisha kila nukta ya picha na ngozi nzima iliyo jirani. Nukta zilizopoteza rangi huhesabiwa, na jibu hutoka kwa asilimia ya uso mzima. Faida yake huonekana ngozi inapoanza kupona, maana rangi mara nyingi hurudi kwa vitone vidogo kuzunguka vinyweleo. Jicho huchoka kujumlisha vitone hivyo, kompyuta haichoki.

Kwa ugonjwa huu, ngozi nyeusi ina nafuu mbele ya kamera, kwa sababu baka huonekana waziwazi. Kwa mtu mweupe mara nyingi hulazimu kutumia taa maalumu ya urujuanimno ili baka lionekane. Ila ngozi nyeusi iliyopakwa mafuta hung'aa, na mng'ao huo unaweza kuhesabiwa kuwa baka.

Tatizo lingine ni mafunzo ya mashine yenyewe. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za kutambua jinsia ya mtu kwa uso. Kwa wanawake weusi makosa yalifika asilimia 34.7, wakati kwa wanaume weupe hayakuzidi 0.8. Programu iliyofunzwa kwa nyuso za kizungu haiwezi kuaminiwa hivihivi kwa nyuso za Gisenyi au Busia. Hospitali ya KCMC mjini Moshi ina kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Kliniki za namna hiyo ndizo zenye nyuso zinazofaa kuifunza kompyuta, kwa ridhaa ya wagonjwa.

Kisha kuna mkorogo. Mgonjwa anayejichubua ili ngozi ifanane na baka huiharibu mizani, kwani kompyuta hulinganisha baka na ngozi ya jirani. Jirani akififia, baka litaonekana limepungua wakati ugonjwa uko palepale. Vipodozi vyenye zebaki huumiza pia figo. Wanaovivusha mpakani wakumbuke kuwa mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuviondoa vyote sokoni ifikapo 2025.

Mgonjwa hana haja ya kusubiri mashine ifike mjini kwake. Anaweza kupiga picha kwa simu mara moja kwa mwezi, mahali palepale, saa ileile, umbali uleule, uso ukiwa umeoshwa bila poda wala mafuta, na bila vichujio vya kurembesha. Picha hizo zitamsaidia daktari wa upande wowote wa mpaka kuona kama tiba inastahili kuendelea kulipiwa. Anayepimwa kwa programu ana haki ya kuuliza ilifunzwa kwa ngozi za watu gani. Na baka lililokufa ganzi lisisubiri picha: linahitaji kupimwa ukoma mapema, na dawa za ukoma hutolewa bure.