Taurasi: Malkia wa vikapu aliyetuzwa ugenini

WAHENGA walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Methali hiyo ingali na mashiko ngomani na harusini, lakini katika mpira wa vikapu wa wanawake ilikosa ukweli kwa zaidi ya miaka ishirini.

Ushahidi ni maisha ya Diana Taurasi, Mmarekani aliyetangaza kustaafu Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 42. Aliondoka uwanjani akiwa mfungaji bora wa nyakati zote katika ligi ya kulipwa ya Marekani, WNBA, kwa pointi 10,646. Aidha, alikuwa amevishwa nishani sita za dhahabu za Olimpiki, mfululizo, kuanzia Athens mwaka 2004 hadi Paris mwaka 2024. Hakuna mwanavikapu mwingine, mume au mke, aliyekuwa amefikia idadi hiyo kabla yake.

Asomaye takwimu hizi huenda akadhani kwamba nchi yake ndiyo iliyomtajirisha. La hasha. Kwa miaka mingi jina lake lilijengwa Marekani, ilhali fedha za maana zilitoka Urusi na Uturuki. Ili kuelewa kilichosababisha hali hiyo, yafaa kwanza tuangalie jinsi ligi yenyewe ilivyoundwa.

Ligi ya kiangazi

WNBA ilianza kuchezwa mwaka 1997 chini ya mwavuli wa NBA, ligi ya wanaume. Kwa kuwa wanaume huanza msimu wao Oktoba na kuumaliza Juni, wanawake walitengewa miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, wakati ambapo kumbi nyingi hukaa bila shughuli.

Mpangilio huo ulizaa mambo mawili. Kwanza, msimu ulikuwa mfupi. Wakati Taurasi alipoingia, kila timu ilicheza mechi 34 za ligi, na mapato ya televisheni na viingilio yalikuwa haba, hivyo mishahara ikawa midogo. Pili, mchezaji alibaki bila kazi kuanzia Oktoba hadi Aprili, na hicho hasa ndicho kipindi ambacho ligi za Ulaya huwa zimepamba moto.

Hapo ndipo ilipozuka desturi ya kucheza misimu miwili kwa mwaka mmoja. Mchezaji alimaliza mechi ya mwisho Marekani, akafunga virago, akapanda ndege kuelekea Moscow, Istanbul au Valencia. Alirejea nyumbani Aprili au Mei, wakati mwingine siku chache tu kabla ya kipenga cha kwanza.

Chipukizi wa Connecticut

Taurasi alizaliwa California mwaka 1982 katika familia yenye asili ya Argentina, na Kihispania kilikuwa lugha ya nyumbani. Alisomea Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Geno Auriemma, na akakisaidia kutwaa ubingwa wa kitaifa wa vyuo miaka mitatu mfululizo, 2002, 2003 na 2004.

Aprili 2004 klabu ya Phoenix Mercury ilimchagua wa kwanza katika shughuli ya kila mwaka ya kugawa wachezaji wapya. Mshahara wa chipukizi wa daraja hilo ulikuwa takriban dola 40,000 kwa msimu. Mwaka huohuo alitawazwa mchezaji bora chipukizi wa ligi na kunyakua dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki.

Mwaka 2006 alifunga wastani wa pointi 25.3 kwa mechi. Aliiongoza Phoenix kutwaa ubingwa mwaka 2007, 2009 na 2014, na mwaka 2009 alitunukiwa taji la mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi ligini. Hata hivyo, sheria za WNBA ziliweka kikomo cha mshahara. Hata angefunga pointi mia moja katika mechi moja, hangelipwa senti moja zaidi ya kikomo hicho.

Tajiri wa Moscow

Mwaka 2005 Taurasi alikwenda kuchezea Dynamo Moscow, kisha mwaka uliofuata akahamia Spartak ya Mkoa wa Moscow. Mmiliki wa Spartak alikuwa Shabtai Kalmanovich, mfanyabiashara mzaliwa wa Lithuania ambaye hapo awali alifungwa nchini Israel kwa kosa la kulipelelezea shirika la ujasusi la Kisovieti, KGB.

Kalmanovich aliwatunza wachezaji wake kifalme. Taurasi na mwenzake Sue Bird walipewa nyumba ya fahari, zawadi na mishahara iliyozidi kwa mbali ya Marekani. Nao walimlipa kwa vikombe. Spartak ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Ulaya, EuroLeague, mwaka 2007, 2008, 2009 na 2010.

Msomaji atauliza: faida ilikuwa wapi? Jibu ni kwamba vilabu vya aina hiyo havikuendeshwa kwa hesabu za kibiashara. Fedha za viingilio hazikutosha kulipia gharama. Timu iliishi kwa mfuko wa tajiri mmoja aliyependa mchezo na sifa, au kwa hazina ya kampuni kubwa iliyotaka jina lake litajwe kwa fahari katika mkoa wake. Mapenzi ya tajiri yalipokuwapo, malipo yalikuwapo.

Hatari ya mpango huo ilijidhihirisha Novemba 2, 2009. Kalmanovich alimiminiwa risasi ndani ya gari lake mjini Moscow, akafa. Wachezaji walimalizia msimu na kutwaa kombe la nne, lakini enzi ya Spartak ilikuwa imefika ukingoni. Klabu iliyotegemea moyo wa mtu mmoja haikuweza kudumu baada ya moyo huo kusimama.

Kashfa ya Uturuki

Mwaka 2010 Taurasi alijiunga na Fenerbahce ya Istanbul. Desemba mwaka huo ilitangazwa kwamba sampuli yake ilikuwa imepatikana na modafinil, dawa ya kuondoa usingizi iliyopigwa marufuku michezoni. Alisimamishwa kucheza, kandarasi yake ikavunjwa, naye akarudi Marekani huku jina lake likiwa matopeni.

Februari 2011 maabara ya Ankara iliyofanya uchunguzi huo ilitangua matokeo yake, na marufuku ikaondolewa. Taurasi alikuwa ameshikilia tangu mwanzo kwamba hana hatia. Ila msimu ulikuwa umekwisha kumponyoka, na mchezaji aliye ugenini, mbali na wakili wake na chama chake cha wafanyakazi, alikuwa ameonekana alivyo mpweke mambo yanapoharibika.

Kulipwa ili apumzike

Kilele cha kisa hiki kilifika Februari 3, 2015. Kwa barua kwa mashabiki, Taurasi alitangaza kwamba hangecheza msimu wa WNBA wa mwaka huo. Hakuwa na jeraha wala ugomvi na yeyote. Mwajiri wake wa wakati huo nchini Urusi, klabu ya UMMC ya mji wa Ekaterinburg, alikuwa amekubali kumlipa ili akae nyumbani apumzishe mwili.

UMMC ni kampuni kubwa ya kuchimba na kuyeyusha shaba. Kulingana na ripoti za wakati huo, ilimlipa Taurasi takriban dola milioni 1.5 kwa msimu, yaani zaidi ya Sh130 milioni kwa thamani ya mwaka huo. Kikomo cha mshahara wa WNBA kilikuwa takriban dola 107,000, ambazo hazifiki hata Sh10 milioni.

Yaani bingwa mtetezi, mwanamke ambaye miezi mitano tu awali alikuwa mchezaji bora wa fainali za WNBA, aliona heri kuiacha ligi ya nchi yake kuliko kuuchosha mwili ambao ulikuwa ukimpa riziki kwingine. Kwa hesabu za mfanyakazi yeyote, uamuzi huo haukuwa na kasoro. Aliyepaswa kujiuliza maswali ni mwajiri wa nyumbani.

Taurasi alirejea Phoenix mwaka 2016, na Juni 2017 akaivunja rekodi ya ufungaji iliyoshikiliwa na Tina Thompson. Lakini miaka ya misimu miwili ilikuwa imedai haki yake. Mwaka 2019 alifanyiwa upasuaji wa mgongo na akacheza mechi sita pekee.

Waliobaki njiani

Taurasi aliacha kucheza Urusi mwaka 2017. Mwenzake wa Phoenix na Ekaterinburg, Brittney Griner, aliendelea kwenda na kurudi. Februari 17, 2022, siku chache kabla ya Urusi kuivamia Ukraine, Griner alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Sheremetyevo akiwa na vibweta vya mafuta ya bangi. Alihukumiwa kifungo cha miaka tisa.

Aliachiliwa Desemba 8 mwaka huo katika mabadilishano yaliyofanyika Abu Dhabi. Urusi ilimpokea Viktor Bout, mfanyabiashara wa silaha aliyetajwa katika ripoti za Umoja wa Mataifa kuhusiana na vita vya Angola, Liberia na Sierra Leone. Huo ndio uliokuwa umbali wa safari ya kutafuta mshahara: mchezaji wa vikapu alijikuta akiwekwa kwenye mizani moja na mchuuzi wa bunduki.

Mwaka huohuo vilabu vya Urusi viliondolewa katika mashindano ya Ulaya, na mlango uliowalisha nyota wengi wa Marekani ukafungwa.

Funzo kwetu

Wakenya hawana haja ya kufafanuliwa sana jambo hili. Mwaka 2003 Stephen Cherono aligeuka kuwa Saif Saaeed Shaheen wa Qatar, na mwaka huohuo akashinda dhahabu ya dunia ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji jijini Paris. Tulilalamika kwamba bendera imeuzwa. Ni wachache waliouliza mwanariadha hulipwa nini akibaki.

Taurasi hakubadili bendera. Aliuza jasho lake ugenini na kuihifadhi fahari kwa nchi yake, jambo lililowezekana kwa sababu kalenda ilimruhusu. Kwetu, wanavikapu wengi wanawake huchezea timu zinazobeba majina ya waajiri wakubwa, kama vile Halmashauri ya Bandari (KPA) na benki ya Equity. Utaratibu huo una heri yake, kwani huleta utulivu. Lakini kisa cha Spartak kinakumbusha kwamba timu inayotegemea mfuko mmoja huishi kwa hiari ya mwenye mfuko.

Marekani yenyewe imeanza kusahihisha kosa. Mkataba wa mwaka 2020 kati ya WNBA na wachezaji ulipandisha kikomo cha mshahara wa msingi hadi dola 215,000 na kuhakikisha mshahara kamili wakati wa likizo ya uzazi. Julai 2024 ligi ilitangaza mikataba ya televisheni ya takriban dola bilioni 2.2 kwa miaka 11. Januari 2025 ligi mpya ya majira ya baridi, Unrivaled, ilianzishwa Miami na wachezaji Napheesa Collier na Breanna Stewart, ili mwanavikapu apate kazi ya miezi hiyo bila kuvuka bahari.

Hayo yote yalimkuta Taurasi akielekea jioni ya uchezaji wake. Msimu wake wa 20 na wa mwisho akiwa na Phoenix ulikuwa huohuo wa 2024, ambapo watazamaji walifurika kumwona chipukizi Caitlin Clark. Wasichana wanaoingia sasa watasikia kwamba aliyewatangulia alifunga pointi 10,646. Waambiwe pia kwamba hesabu hiyo haina hata pointi moja kati ya zile alizofunga usiku wa baridi kali kule Urusi, na kwamba hizo ndizo zilizomlipa.